Bunduki kongwe ya shabaha hufufuliwa kwa subira, si kwa tupa

KATI ya vifaa vya kale vinavyowatoa jasho mafundi wa ukarabati barani Ulaya, ni vichache vinavyohitaji utulivu wa mkono kama bunduki ya shabaha iliyoundwa Ujerumani au Uswisi kati ya miaka ya 1880 na mwaka 1914.

Kwa nje, silaha hiyo huonekana kama pambo la sebuleni: kitako cha mbao ya mti wa jozi kilichonakshiwa, mtutu mrefu na mzito, na vyuma vilivyochorwa majani na wanyama wa msituni. Ndani yake, hata hivyo, mna kifyatulio, yaani ile kulabu ndogo inayovutwa kwa kidole cha shahada, kilicho chepesi kiasi kwamba mguso tu hutosha kuifanya bunduki ilie.

Wepesi huo ndio fahari ya bunduki hiyo. Ndio pia unaoweza kuleta maafa endapo mtambo wake utaguswa na mtu asiyeuelewa. Silaha inayolia kabla ya mwenyewe kukusudia haina tofauti na nyoka aliyefichwa chini ya mkeka.

Kwa sababu hiyo, suala la namna ya kuikarabati si la urembo peke yake. Ni suala la uhai wa mtumiaji na wa walio karibu naye, na vilevile la kuhifadhi kazi ya mikono ambayo mafundi wanaoweza kuirudia leo ni wachache.

Asili yake

Bunduki hizi hazikuundwa kwa ajili ya vita wala uwindaji. Ziliundwa kwa ajili ya mashindano. Vyama vya walenga shabaha katika miji ya Ujerumani vina asili yake katika Enzi za Kati, wakati ambapo wakazi walijifunza kutumia silaha ili kulinda kuta za miji yao. Majeshi ya kudumu yalipotwaa jukumu la ulinzi, vyama hivyo vilibakia na sherehe, gwaride na mashindano.

Mnamo Julai 1861, wajumbe wa vyama hivyo walikutana mjini Gotha na kuunda shirikisho la Deutscher Schützenbund. Shirikisho hilo lilifufuliwa mwaka 1951 baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 2015, desturi za vyama vya walenga shabaha ziliingizwa katika orodha ya kitaifa ya Ujerumani ya turathi za kitamaduni zisizoshikika.

Katika mashindano hayo ya kale, mlenga alisimama wima bila kuegemea chochote. Shabaha ilikuwa umbali wa mita 175 nchini Ujerumani, na mita 300 nchini Uswisi. Bunduki zilikuwa na uzito wa kilo 5 hadi 7, kwa kuwa uzito hupunguza mtikisiko. Kitako kilichongwa kufuata umbo la shavu, na bamba la chuma lenye pembe mbili likalikumbatia bega la mlenga.

Miji ya Suhl, Zella na Mehlis, katika eneo la Thuringia, ilivuma kwa kazi hiyo. Huko ndiko kampuni ya C. G. Haenel ya Suhl ilikounda bunduki zenye mtambo uliobuniwa na Carl Wilhelm Aydt. Risasi iliyopendwa zaidi na walenga shabaha wa Ujerumani iliitwa 8.15x46R: tarakimu ya kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda, na herufi R huonyesha kuwa kitako cha ganda kina ukingo uliojitokeza.

Wengine walitumia mtambo wa Martini. Chimbuko lake ni ubunifu wa Mmarekani Henry Peabody, aliyepewa hataza mwaka 1862. Friedrich von Martini wa mji wa Frauenfeld, Uswisi, aliuboresha kwa kuiondoa nyundo ya nje na kuweka msumari wa kupigia ndani ya mtambo. Jeshi la Uingereza liliuchukua mtambo huo mwaka 1871 katika bunduki ya Martini-Henry, na kwa njia hiyo ukafika Afrika, ambako ulitumiwa katika vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879. Hivyo basi, mtambo uliowapa walenga shabaha wa Uswisi vikombe ni ndugu wa ule uliotumiwa kuwatiisha Waafrika.

Mtego ndani ya mtego

Ili kuuelewa ugumu wa ukarabati, sharti kwanza kuelewa kifyatulio kinavyofanya kazi.

Katika bunduki ya kawaida, kamani kubwa, au springi kama wengi waitavyo, husukuma msumari wa kupigia kuelekea kwenye fataki ya risasi. Msumari huo hauendi popote kwa sababu umezuiliwa na kipande cha chuma, yaani kizuizi, ambacho ncha yake imeingia katika pengo dogo. Kidole kinapovuta kifyatulio, kizuizi hutoka kwenye pengo, msumari ukaachiliwa na risasi ikalipuka.

Tatizo ni kwamba kamani hiyo ina nguvu nyingi, na kwa hivyo kizuizi hubanwa barabara. Katika bunduki nyingi za kijeshi, kidole hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 2 hadi 3. Mlenga aliyesimama wima, huku mapigo ya moyo yakiutikisa mtutu, akivuta kwa nguvu hiyo atausogeza mtutu wakati ule ule alipotaka utulie.

Mafundi wa Ujerumani waliutatua utata huo kwa kuweka mtego ndani ya mtego. Bunduki ilipewa vifyatulio viwili, kimoja nyuma ya kingine. Cha nyuma ni cha kutega. Kinapovutwa hadi kisikike kikialika, kijinyundo kidogo chenye kamani yake hushikiliwa na ncha nyembamba ya kifyatulio cha mbele. Hapo mtego huwa umetegwa.

Kifyatulio cha mbele hakina kazi ya kupambana na kamani kubwa. Kazi yake ni kukiachilia kijinyundo tu. Kikiguswa, kijinyundo huruka na kukigonga kizuizi kwa kishindo, nacho kizuizi hutoka kwenye pengo lake. Kazi nzito hufanywa na kijinyundo, nacho kidole hubakia na kazi ya makumi machache ya gramu, au hata pungufu ya hapo.

Katikati ya vifyatulio hivyo viwili huwa na skrubu ndogo. Skrubu hiyo hupima ni kiasi gani ncha ya kifyatulio cha mbele imekikamata kijinyundo. Ikikazwa, mshiko hupungua na wepesi huongezeka. Ikilegezwa, mshiko huimarika. Katika bunduki za hali ya juu, mafundi waliongeza vyuma vya kupokezana nguvu, vitatu, vinne au hata vitano, kila kimoja kikipunguza mzigo wa kinachofuata.

Mshiko unaozungumziwa hapa ni mwembamba mno. Ni kingo mbili za chuma zinazogusana kwa sehemu ndogo ya milimita. Usalama wote wa bunduki iliyotegwa umekaa juu ya kingo hizo.

Maradhi ya uzee

Miaka 100 na zaidi huiachia bunduki maradhi ya namna nyingi. La kwanza, na linalodanganya zaidi, ni mafuta yaliyoganda. Mafuta ya zamani hugeuka ulimbo wa rangi ya kahawia unaovishika vyuma visisogee. Kifyatulio kizima huweza kuonekana kibovu ilhali ni kichafu tu.

La pili ni kutu, hasa pale ambapo chuma hugusana na mbao iliyofyonza unyevu. La tatu ni kamani zilizovunjika au kulegea. La nne ni mbao iliyolowa mafuta kwa miongo kadhaa hadi ikawa laini na nyeusi karibu na mtambo.

La tano ni mkono wa binadamu. Mwaka 1945, majeshi ya washirika yaliyoikalia Ujerumani yaliwaamuru raia wasalimishe silaha zao. Bunduki nyingi za shabaha ziliharibiwa, na nyingine zikabebwa na wanajeshi kama kumbukumbu. Katika purukushani hizo, kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo, ambacho hufungwa kwa skrubu na kutolewa, mara nyingi kilipotea. Ndiyo maana bunduki nyingi za aina hii hupatikana leo zikiwa na mtutu na kitako kamili, ila hazina jicho la kulengea.

Fauka ya hayo, baadhi zilipitia kwa mafundi wa vichochoroni waliozikwangua kwa tupa na msasa ili zing'ae. Madhara ya mikono hiyo mara nyingi huwa mazito kuliko ya kutu.

Hatua za kwanza

Kabla ya chochote kuguswa, fundi huhakikisha kuwa bunduki haina risasi. Hufungua mtambo, akaangalia kwa macho na kupapasa kwa kidole. Kongwe haimaanishi tupu, na ganda lililosahaulika tangu enzi za mababu laweza bado kuwa na uhai.

Baada ya hapo hufuata picha na maandishi. Kila upande hupigwa picha, na kila alama iliyogongwa kwenye chuma hunakiliwa. Sehemu nyingi za bunduki hizi ziliunganishwa kwa mkono, na skrubu moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine hata zikifanana. Fundi mwangalifu huchomeka kila skrubu katika ubao wenye matundu yaliyoandikwa mahali ilipotoka.

Bisibisi ya kawaida ya dukani haifai. Ncha yake huwa imechongoka kama kabari, nayo huruka kutoka kwenye mfuo wa skrubu na kuuchana. Mafundi huinoa bisibisi kwa kila skrubu hadi ijae mfuo wake barabara. Skrubu iliyoshikwa na kutu hutiwa mafuta mepesi ya kupenya na kuachwa, si kwa saa bali kwa siku. Mwenda pole hajikwai.

Kifyatulio chenyewe hutolewa kikiwa kizima, juu ya bamba lake, kisha kikaloweshwa katika mafuta ya taa au kiyeyushio kingine hadi ulimbo uachie. Husuguliwa kwa brashi laini na kukaushwa. Si haba idadi ya vifyatulio vinavyopona kwa hatua hiyo pekee.

Hatari ya tupa

Endapo baada ya usafi kifyatulio bado hakishiki, au kinaachia chenyewe, hapo ndipo kishawishi kikubwa huja. Fundi huona kwa kioo cha kukuzia kwamba ukingo umechakaa, naye akashikwa na hamu ya kuupitishia tupa kidogo ili urudie umbo lake.

Hilo ndilo kosa lililoziua bunduki nyingi za aina hii. Ili kulielewa, yafaa kujua jinsi vipande hivyo vilivyotengenezwa.

Mafundi wa karne ya 19 walichonga sehemu nyingi za mtambo kwa chuma laini, kwa kuwa huchongeka vizuri na hakivunjiki ovyo. Baada ya hapo walivifungia vipande hivyo ndani ya sanduku la chuma pamoja na makaa ya mifupa, wakaliweka motoni kwa saa kadhaa hadi likaiva, kisha wakavimwaga vipande ghafla katika maji. Kaboni ya makaa huingia katika uso wa chuma na kuufanya mgumu kama kioo, huku moyo wake ukibakia laini.

Ngozi hiyo ngumu ni nyembamba mno, na mara nyingi haifikii hata nusu milimita. Tupa au jiwe la kunolea likiipenya, ukingo wa kifyatulio huwa umekaa juu ya chuma laini.

Jambo la hatari ni kwamba mwanzoni kila kitu huonekana shwari. Ukingo mpya hung'aa, kifyatulio huvutika kwa ulaini wa ajabu, na mwenyewe hufurahi. Lakini kila kijinyundo kinaporuka, chuma hicho laini huchakaa na kuviringika kidogo. Baada ya kutegwa mara kadhaa, mshiko huteleza wenyewe. Bunduki iliyotegwa na kuelekezwa popote huweza kulia kwa sababu ya mtikisiko wa kuihamisha bega tu.

Kwa hiyo, kanuni ya mafundi waliobobea ni kutochonga kipande cha asili hata kidogo. Ikiwa ukingo umekwisha, hutengenezwa kipande kipya cha chuma cha pua kwa vipimo vile vile. Kipande cha zamani huwekwa katika bahasha, kikaandikwa na kuhifadhiwa pamoja na bunduki. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Kamani iliyovunjika hushughulikiwa vivyo hivyo. Mpya huchongwa kwa chuma cha pua cha kamani, hupashwa moto hadi takriban nyuzi 800 za Selsiasi, hutumbukizwa katika mafuta, kisha hupashwa tena polepole hadi rangi yake iwe ya samawati, takriban nyuzi 300. Ikikosa hatua hiyo ya pili, huvunjika kama kigae. Ikipitishwa moto zaidi, hulegea na kupinda.

Majaribio

Mtambo ukisharudishwa, hujaribiwa bila risasi. Chemba hutiwa ganda la bandia lenye kitako kinachobonyea, ili msumari wa kupigia usigonge hewa na kukatika.

Kifyatulio hutegwa na kuachiliwa mara nyingi, si mara moja. Kisha hutegwa tena na bunduki ikagongwagongwa kwa nyundo ya mpira kitakoni, ubavuni na karibu na mtambo. Ikiachia hata mara moja, skrubu ya kati hulegezwa ili mshiko uongezeke, na majaribio yakaanza upya. Kifyatulio kinachojivunia wepesi lakini hakistahimili mgongo huo hakijapona.

Hata bunduki iliyofaulu ina masharti yake. Kifyatulio hakitegwi hadi mlenga awe amesimama mahali pake, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha. Akighairi kufyatua, hufungua mtambo na kuitoa risasi kwanza, ndipo akautegua mtego. Vyama vya walenga shabaha vimefundisha nidhamu hiyo kizazi baada ya kizazi, nayo ni sehemu ya bunduki kama ulivyo mtutu wake.

Mtutu na mbao

Swali la iwapo bunduki ifyatuliwe tena ni tofauti na swali la iwapo imekarabatiwa. Baruti isiyo na moshi ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, lakini bunduki nyingi za kipindi hicho ziliundwa kustahimili baruti nyeusi, ambayo shinikizo lake ni dogo. Kutia risasi ya kisasa yenye nguvu katika mtutu kama huo ni sawa na kujaribu bahati.

Alama zilizogongwa kwenye chuma husaidia. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1893, ililazimisha silaha zijaribiwe na ofisi rasmi. Herufi B na U chini ya taji huthibitisha majaribio na ukaguzi huo, na G huonyesha mtutu wenye michirizi ya ndani. Herufi N chini ya taji, iliyokuja baadaye, huonyesha kuwa bunduki ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Alama peke yake hazitoshi, kwani chemba za bunduki za 8.15x46R zilitofautiana kutoka fundi mmoja hadi mwingine. Fundi humimina ndani ya chemba madini laini yenye bismuthi, yanayoyeyuka kwa joto lisilofikia nyuzi 90, kisha akautoa mfano huo na kuupima. Bila kipimo hicho, kujua ni risasi gani inayofaa ni kubahatisha. Aidha, mtutu au sehemu nyingine kuu inayobeba shinikizo ikibadilishwa, sheria ya Ujerumani huitaka bunduki irudi kwenye ofisi ya majaribio, kama vile zile za Suhl na Ulm.

Kuhusu mbao na nakshi, kanuni haibadiliki. Msasa hautumiwi, kwa kuwa hufuta kingo kali za michoro. Mafuta yaliyofyonzwa hutolewa taratibu kwa kiyeyushio na unga wa chokaa, kisha mbao ikalishwa mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba. Kutu nyekundu huondolewa kwa mafuta na pamba laini ya chuma. Ile rangi ya hudhurungi iliyotulia juu ya mtutu huachwa, maana haili tena chuma, nayo ni ushahidi wa umri.

Wakusanyaji wanalijua hilo. Bunduki yenye uso wake wa asili, hata ikiwa imefifia, huthaminiwa kuliko iliyopakwa rangi upya ikang'aa kama ya jana.

Sheria na turathi

Nchini Kenya, ukongwe wa bunduki si kisingizio cha kuichezea nyumbani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na biashara ya kukarabati silaha hufanywa na waliosajiliwa pekee. Anayerithi silaha ya babu yake, iwe gobori au bunduki ya shabaha, njia yake ya kwanza ni kwa maafisa wa usajili, wala si kwa mhunzi wa jirani.

Funzo lenyewe, hata hivyo, halikomei kwa bunduki. Saa ya ukutani ya karne iliyopita, cherehani ya nyanya, au mlango wa Lamu ulionakshiwa, vyote hukabiliwa na hatari ile ile ya fundi mwenye haraka. Kutu hula chuma kwa miaka, na mmiliki hupewa nafasi ya kugutuka. Tupa hula kwa dakika, na kilichoondolewa hakirudi.

Ndiyo maana ukarabati mwema hupimwa kwa mambo matatu. Mtambo unafanya kazi bila hatari. Kila kilichoongezwa kinaweza kuondolewa. Na kila kilichotolewa kimehifadhiwa pamoja na maelezo yake. Fundi atakayeifungua bunduki hiyo baada ya miaka mingine 100 anapaswa kuona kazi ya aliyeiunda kwanza, kabla ya kuona kazi ya aliyeirekebisha.